Ngombe yangu ya Frizoni inaungua na joto ya Kamanyola: nitafute mbegu ya SLICK ao niuzishe?

Mama mumoja mwenye anafuga mu Kamanyola alinitumia hii ulizo, nimeifupisha kidogo: "Dokta, mwaka jana nilinunua ngombe metisi ya Frizoni ku Walungu, kule milima, banasema ni robo tatu Frizoni na robo Ankole. Kule ilikuwa inatoa litri 11 kwa siku. Tulishuka nayo Ngomo na kamiyo, sasa inatoa 6. Saa ya mchana inafungua kinywa, ulimi inje. Tumeipandisha na payeti (ule mrija mudogo wa mbegu ya ndume) mara tatu, haishiki mimba. Jirani anasema hii ni ngombe ya baridi, niuzishe nichukue Ankole. Mutoto wangu naye alinionyesha ku telefone kama kuko jeni inaitwa SLICK yenye inasaidia ngombe ivumilie joto, na kuko mutu anasema anaweza kunipatia payeti yake kwa dola mingi. Nifanye nini?"

Mama, jambo, na pole sana. Nikujibu mbele ya maelezo yote: usiuzishe hii wiki, usilipe payeti hii wiki, nunua kwanza termometre. Mambo ya jeni nitakuelezea yote, njo kazi yangu na ninaipenda, lakini ngombe yenye inapumua na kinywa wazi mu plaine ya Ruzizi, kule Kamanyola iko, inaweza kuwa inasumbuliwa na jua, inaweza pia kuwa na homa ya kupe, na kwa macho hizo mbili zinafanana sana. Pima nyuma, chini ya mukia, asubuhi saa kumi na mbili mbele jua ipande, kisha pima tena saa tisa ya mchana, siku tano. Ngombe muzima iko karibu na degre 38,5. Kama asubuhi iko 38,5 na mchana inapanda 39,5 ao 40, hapo ni joto ya fasi njo inaisumbua. Kama asubuhi tayari iko 40 ao 41, unagusa chini ya sikio unakuta fundo imevimba, hiyo haiko mambo ya rasi (aina ya ngombe) hata kidogo, inaweza kuwa teileriozi, ile homa ya kupe, ita veterinere siku ile ile, juu inaua mbio, na ngombe yenye ilikomalia ku milima fasi kupe ni kidogo haina kinga ya kutosha. Nimeona ngombe zinakufa hivyo, mwenyewe anazimwangia maji siku tatu akifikiri ni jua.

Hesabu pia pumzi. Simama pembeni, angalia ubavu vile unapanda na kushuka dakika moja, ngombe ikiwa imetulia mu kivuli. Chini ya 60 bado inajiweza, kupita 60 joto imeanza kuisumbua, kupita 80 iko mu taabu ya kweli.

Sasa tuingie mu joto yenyewe. Batu mingi banafikiri joto ya ngombe inatoka paka juu, kwa jua. Sehemu kubwa inatoka ndani. Lile tumbo kubwa la ngombe ni sawa pipa ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, majani inachacha mule usiku na mchana, na kitu yenye inachacha inatoa moto, wewe unajua vile pipa ya kasiksi inakuwa ukiigusa. Tena kutengeneza maziwa ni kazi yenye inaongeza moto mu mwili. Kwa hiyo ngombe yenye inatoa maziwa mingi inakula mingi, yenye inakula mingi inachoma mingi, na ile moto yote lazima itoke kwa ngozi na kwa pumzi. Ku Walungu hewa ilikuwa inaibeba bila shida. Kamanyola, chini ya mita 1.000, hewa yenyewe tayari ni moto, haibebe kitu, na usiku nayo haipoi sana, na usiku njo saa ngombe inajipunguzia mzigo wa mchana.

Banasayansi banatumia namba moja yenye inachanganya joto na maji ya mu hewa, banaiita THI. Zamani walisema ngombe ya maziwa inaanza kuteseka ku 72, kisha walipopima upya ngombe zenye zinatoa maziwa mingi sana bakashusha mpaka 68. Degre 25 na maji ya hewa 50 kwa mia inatoa karibu 72, siku mingi za Bukavu zinacheza karibu na hapo mchana kisha usiku baridi inaokoa. Degre 30 na maji ya hewa 60 inatoa karibu 80. Njo tofauti yenye ngombe yako ilikutana nayo kwa siku moja tu ya kamiyo.

Haya, SLICK. Mutoto wako hakudanganywa, ile jeni iko kweli na hadithi yake ni nzuri. Ku kisiwa ya Saint Croix mu bahari ya Karibe kuko ngombe zinaitwa Senepol, zina manyoya fupi sana, laini, zinangaa, unapitisha mukono unasikia sawa ngozi tupu. Bafugaji balijua tangu zamani kama zile ngombe haziogope jua. Mu mwaka 2014 banasayansi bakatoa sababu: ku kromozomu ya 20 kuko jeni inaitwa PRLR, hiyo njo inatengeneza kipokezi cha prolaktini, homoni yenye sote tunaijua kwa kazi ya maziwa. Mu ile jeni herufi moja tu imeanguka. Moja! Na juu ya ile herufi moja, proteini inakatika mbele ya mwisho wake, inakosa kama asidi amino 120, na manyoya inabaki fupi. Kitu yenye inanishangaza mpaka leo ni kama ile ngombe inaendelea kutoa maziwa, hata kipokezi cha homoni ya maziwa kimekatika mukia.

Tena kuko jambo ingine lenye linanigusa sana. Ku ngombe za Kriolo za Amerika ya Kusini, zile zenye zilitoka ku ngombe za Wahispania miaka 500 hivi, walikuta manyoya fupi ya namna ile ile, lakini jeni imekatika fasi ingine, pembeni kidogo ya ile ya Senepol. Maana yake joto ilichagua jambo moja mara mingi, fasi mbalimbali, bila batu kuambiana.

Ku Florida na Puerto Rico waliingiza SLICK mu damu ya Holstein (njo ile Frizoni, jina ingine tu) kwa kuzalisha tu, ndume na jike, vizazi na vizazi. Ngombe zenye ziko nayo zinatoa jasho muzuri, joto ya mwili inabaki chini kupita wenzake mu saa za moto, na maziwa yake haianguke sana wakati wa kiangazi. Pia mwezi wa tatu mwaka 2022 serikali ya Marekani, ile ofisi yao ya chakula na dawa, iliruhusu ngombe zenye SLICK yao ilitengenezwa mu laboratware kwa kukata jeni, wakasema hatari yake ni kidogo. Kwa hiyo kuko SLICK ya kuzaliwa na kuko SLICK ya kukatwa, na yenye inafanya kazi mu manyoya ni jambo moja.

Namna inarithiwa ni rahisi. Nakala moja inatosha, kutoka baba ao kutoka mama. Ndume yenye iko na nakala moja, nusu ya ndama zake zitaipata, sawa kurusha franga juu. Ndume yenye iko na nakala mbili, ndama zote zitaipata. Kwa hiyo ukimuliza mwenye kuuzisha payeti "hii ndume iko na nakala ngapi?" na hajui kujibu, ama hana karatasi ya ndume yenye inaonyesha jina lake, namba yake na majibu ya kupima jeni, rudisha dola zako mu mufuko. Payeti haina sura, Mama. Zote zinafanana mu ile pipa ya azoti. Na kumbuka pia payeti inaishi ku degre 196 chini ya sifuri, ikitoka mu azoti dakika chache mu joto ya Kamanyola imekufa, hata kama ilikuwa ya kweli.

Lakini wacha nikuambie kitu yenye wale ba ku telefone hawasemi. SLICK inasaidia moto kutoka kwa ngozi. Haikatazi kupe. Haileti majani wakati wa ukavu. Haipunguze bunene ya ngombe wala hamu yake ya kula. Ukichukua ngombe ya Holstein yenye inataka chakula mingi ukaiweka manyoya fupi, umepata Holstein yenye inavumilia joto kidogo kupita dada yake, bado ni Holstein, bado inalomba dreshi (mabaki ya bia), tourteau (mabaki ya mbegu za mafuta) na dawa ya kupe kila wiki.

Na uvumilivu wa joto hauko jeni moja. Kuko zenye zinagusa bwingi wa jasho, kuko za rangi (ngombe nyeusi inakula jua kupita nyeupe, unaweza kugusa mugongo ya Frizoni saa sita, doa nyeusi na doa nyeupe, mukono wako utakuambia), kuko za bunene ya mwili, juu ngombe ndogo sawa Jersey iko na ngozi mingi ukilinganisha na kilo zake na inapoa mbio. Na kuko zenye zinafanya kazi ndani kabisa, mu seli. Joto ikipanda, proteini za seli zinaanza kukunjuka na kuharibika sawa yai mu maji ya moto, na seli inatoa proteini zingine za kuzikunja upya, zinaitwa proteini za mshtuko wa joto. Hapo zebu, ngombe yenye nundu, iko mbali mbele. Walichukua viinitete vya ngombe wakavipasha mu laboratware ku degre 41, vya Holstein vikafa mingi, vya zebu mingi vikaendelea kukua. Mule hakuna manyoya, hakuna jasho, hakuna kivuli, ni seli tupu na jeni zake. Huu mfano ninaupenda kupita yote kwa sababu unaondoa ubishi wa "ni mazoea tu."

Na hapo njo ninaingia mu jambo yenye ninataka uishike kuliko SLICK. Maziwa na uvumilivu wa joto zinavutana. Mu mwaka 2000, ku Georgia mu Marekani, walitumia maandishi ya maziwa pamoja na hali ya hewa ya kila siku, wakakuta jeni zenye zinaongeza maziwa na jeni zenye zinavumilia joto zinaendana kinyume, kama -0,3 (fasi -1 ni kinyume kabisa na 0 ni hakuna uhusiano). Haiko ukuta, kuko ngombe zenye ziko na zote mbili, lakini ukichagua miaka makumi kwa maziwa tu bila kuangalia joto, polepole unapoteza uvumilivu. Njo vile Holstein ya Ulaya ilifanyika. Australia walistuka, tangu 2017 bafugaji kule wanapata namba ya kila ndume yenye inaonyesha kama binti zake zitavumilia joto ao hapana. Sisi hatuna bado ile namba, kwa hiyo tunatumia kitu yenye tuko nayo, na kitu yenye tuko nayo ni damu ya ngombe ya kwetu.

Jirani yako alisema Ankole. Hakukosea kabisa. Ankole ni sanga, maana yake ni muchanganyiko wa ngombe ya zamani ya Afrika, ile bila nundu, na zebu yenye ilitoka Asia. Mu 2020 walisoma jeni zote za ngombe 172 za Afrika, rasi 16, Ankole ikiwa ndani, wakakuta ule muchanganyiko ulifanyika miaka kati ya 750 na 1.050 hivi iliyopita. Na sikiliza hii: ile jeni ndogo yenye mutu na ngombe banarithi kwa mama peke yake, ku karibu ngombe zote za Afrika, hata zile za nundu kabisa, ni ya ngombe ya zamani ya hapa, haiko ya zebu. Zebu iliingia kwa ndume. Maana wafugaji ba zamani, bila shule, bila payeti, balichukua ndume mugeni wakampandisha ku majike ya kwao, wakabakiza mama mwenye anajua majani, kupe na jua ya hapa, wakaongeza kutoka inje kitu yenye ilikuwa inakosa. Ile kazi ni ya akili sana na ninaomba tuiheshimu, juu sisi tunafanya kinyume: tunaleta jike la kigeni mu fasi ya moto, tunalipandisha na ndume ya kigeni zaidi, kila kizazi tunapunguza damu ya hapa.

Nilifanya ile kosa mwenyewe. Nikiwa kijana nimetoka tu shule, nilishauri muzee mumoja wa kule plaine aendelee kupandisha Frizoni juu ya Frizoni, kutoka nusu, robo tatu, mpaka saba ku nane, nikamwambia kila hatua maziwa itaongezeka. Hatua ya kwanza ilikuwa ya furaha kweli. Hatua ya tatu ndama zilikuwa zinakufa, na ngombe moja yenye ilibaki ilitoa maziwa kidogo kupita bibi yake. Yule muzee hakunitukana, alinipatia kiti na maziwa ya kunywa, na mimi tangu siku ile sikushauria mutu mu joto apite nusu ya damu ya Ulaya bila kumuuliza kwanza kivuli iko wapi na maji iko wapi.

Kwa nini ile ya kwanza inakuwa nzuri hivyo? Ukikutanisha rasi mbili za mbali sana, ndama ya kwanza inapata nguvu ya muchanganyiko, kila jeni iko na nakala mbili tofauti, moja ikiwa zaifu ingine inaifunika. Ile nguvu haibaki. Ukipandisha metisi juu ya metisi ya damu ile ile, nusu ya ile nguvu inapotea. Kwa hiyo usinunue ndume metisi ya jirani kwa kufikiri utapata ndama sawa mama yake. Brazil walipiga hesabu hiyo muda murefu mpaka wakatengeneza rasi yao Girolando, tano ku nane Holstein na tatu ku nane Gir, zebu ya maziwa ya India, na 1996 serikali yao ikaitambua. Ilichukua miaka na maandishi ya ngombe mingi sana, mufugaji mumoja na ngombe mbili hawezi kuifanya nyumbani.

Kwa ngombe yako sasa. Ni robo tatu Frizoni. Ukiipandisha na Frizoni tena utapata ndama ya saba ku nane, mu Kamanyola hapana, nakuomba. Ukiipandisha na Ankole utapata ndama yenye Frizoni yake ni tatu ku nane, yenye nguvu, lakini maziwa itashuka sana. Mimi ningetafuta Sahiwal. Ni zebu lakini zebu ya maziwa, ilitoka Punjab, Kenya wako na kundi lao ku Naivasha tangu miaka mingi na jua ya Afrika inaijua. Ndama itakuwa nusu Sahiwal, tatu ku nane Frizoni, moja ku nane Ankole, yenye ngozi laini, jasho ya kutosha, na bado matiti ya maziwa. Kama Sahiwal haipatikani, Jersey ni ya pili mu mawazo yangu, ni ya Ulaya lakini ndogo na inavumilia joto kupita Frizoni, na haikuombe chakula mingi; ile ndama damu yake ya Ulaya itapita nusu, kwa hiyo paka kama kivuli na maji iko. SLICK ningeiweka ya tatu, na paka kwa ndume yenye karatasi.

Mambo ya mimba. Ngombe mu joto inatafuta ndume kwa masaa machache, na mara mingi usiku, kwa hiyo unaweza kulala bila kuiona, na mutu wa payeti anaitwa saa yenye haifae. Mwambie mutoto aamuke saa tisa ya usiku siku zile unangojea aangalie. Ya pili, hata kama mbegu imeshika, kiinitete ni zaifu sana siku moja mbili za kwanza, mwili ya mama ikipata moto sana hapo kinaweza kufa, kisha siku ya tatu ya nne kinaanza kuwa na nguvu yake. Kwa hiyo zile siku mbili kisha kupandisha, mama ikae mu kivuli kabisa, maji ku mugongo mara mingi, hata kama siku zingine hauwezi. Na kama unaweza kungoja mwezi wa sita na wa saba, usiku wa ukavu unapoa kidogo, ngoja. Mwenye anatumia ndume badala ya payeti ajue pia kama ndume ikipigwa na joto kali leo, mbegu mbaya itaendelea kutoka wiki mingi, juu mbegu ya ndume inachukua kama siku 61 kutengenezwa.

Kuku wanafundisha jambo lile lile kwa bei ndogo, ukitaka kuonyesha batoto. Wale kuku wa shingo tupu benye batu mu soko banawacheka ni jeni moja, nakala moja inapunguza manyoya kama 20 kwa mia, nakala mbili kama 40 kwa mia, na mu joto wanakula na kukomaa muzuri kupita wenzao. Mu plaine ningewafuga bila kufikiri mara mbili.

Turudi ku hangari yako, juu sitaki uone kama jeni njo dawa yote. Ku Florida walipima joto ya mwili ya ngombe za Holstein mingi, wakahesabu ile sehemu yenye inarithiwa, wakapata 0,17. Yaani tofauti kati ya ngombe na ngombe, kama 17 tu ku 100 inatoka ku jeni zenye mama na baba wanapitisha. Ingine inabaki mu kivuli, maji, chakula, hewa, na saa ya siku. Hii namba kwa mufugaji ni habari nzuri, sababu jeni utazingoja miaka tatu mpaka ndama ikamuliwe, kivuli unaweza kuitengeneza kesho. Kama ngombe iko chini ya manjanja (mabati) tupu, yale manjanja ni jiko, weka nyasi nene juu yake, inua dari, fungua ukuta pande mbili kusudi upepo upite. Maji iwe mbele yake usiku na mchana, isingoje ndoo yako. Majani mengi mupe jioni na alfajiri, maana moto ya tumbo inapanda masaa machache kisha kula na hautaki ikutane na jua ya saa nane. Mti wa mwembe uko muzuri kupita manjanja, majani yake inatoa maji na hewa chini yake inapoa.

Na ikishika mimba, tafadhali, ile miezi mbili ya mwisho yenye umeacha kuikamua usiisahau kwa sababu haina maziwa. Batu mingi wanafanya hivyo, ngombe kavu inafungwa ku jua. Ku Florida tena walifuata ndama zenye mama zao zilipata joto ile wakati, wakakuta zikikomaa zinatoa maziwa kidogo kupita zenye mama zao zilipozwa, jeni ni zile zile, ni tumbo ya mama njo ilizifundisha vibaya. Ile ndama ya Sahiwal yenye tunaipanga, kivuli yake inaanza mbele haijazaliwa.

Kuiuzisha: kama kisha kivuli, maji na mwezi moja bado pumzi inapita 80 kila mchana, basi irudishe ku milima, uiuzishe Walungu ao Kabare fasi itakuwa na thamani yake, usiiuzishe Kamanyola kwa bei ya nyama. Na kwa zile franga chukua jike la nusu damu lenye lilizaliwa na kukomalia plaine, uangalie mama yake kwa macho yako, uangalie inakamuliwa.

Anza kesho asubuhi saa kumi na mbili. Siku tano, mara mbili kwa siku, ni namba kumi za termometre na namba kumi za pumzi, andika ku karatasi na saa yake pembeni, unitumie picha, kisha njo tutaongea ni payeti gani na mwezi gani.